Fundi wa Uso Aliyekosa Kopo Lake

Jina lake nalijua, la ubatizo na la nyumbani, hata lile la utani alilopewa na wachuuzi wenzake wa samaki. Lakini alinikataza kulitaja. "Ukitaja mimi," alisema, "utataja na wale niliharibu." Basi nitawataja walioharibika peke yao, maana hao hawakunikataza, na yeye nitamwita kama tulivyomwita wote pale Busia katika miaka ya sitini: Fundi wa Uso. Ukiwa na haraka, Fundi tu.

Siku za soko aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Jumamosi alipamba maharusi, na katikati ya wiki alimpaka poda yeyote mwenye safari, mwenye picha ya kupigwa, au mwenye mkwe wa kwenda kuonana naye. Mikono ilikuwa ile ile. Aliisugua kwa limau na jivu mpaka vidole vikakunjamana, halafu anakusogezea puani: "Nusa. Iko samaki?" Ukisema ipo kidogo, anarudi kusugua. Ukisema hakuna, anakuambia una mafua, na anarudi kusugua vilevile.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mweusi. Nasema mweusi kweli, ule weusi laini wenye bluu ndani yake, kama bilinganya iliyotoka kuoshwa. Weusi wake aliupenda, asikudanganye mtu. Kitu alichokitaka, na alikitaka miaka yote niliyomjua, ni kopo la poda la rangi yake mwenyewe. Kopo moja tu. Sisi alitupaka wote, na uso wake ukabaki mtupu, kwa sababu hapakuwa na kopo Busia, wala Tororo, wala Kisumu, lililotengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

"Sitaki kuwa mweupe," alikuwa akisema. "Nitaenda nayo wapi, hiyo weupe, na omena kichwani? Mimi nataka tu huko kiwandani mtu moja awe alikaa kwa kiti akafikiri: kuna mwanamke Busia, na iko hivi."

Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Akikohoa nasikia, nikikaanga kitunguu ananiuliza napika nini. Kwa hiyo ninayoyasema hapa mengi niliyaona, na mengine niliyasikia kupitia ukutani, ambayo ni karibu sawa.

Siku hizi wajukuu zangu wanadhani kuchagua faundesheni ni kazi ya kusoma chupa. Fundi hakujua kusoma. Wasichana wa wakati ule walijaribu poda mgongoni mwa mkono, ndani ya duka, chini ya taa, na yeye alichukia yote matatu. Mkono, alisema, umepigwa na jua na sabuni na jembe, hauna habari yoyote na uso. Ndani ya duka kuna giza la kuuzia. Na taa haijawahi kumwambia mtu ukweli. Yeye alikutoa nje, akakukalisha kwenye kigoda ukielekea jua la saa nne, akakuchora mistari mitatu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Kisha anakuacha. Anakwenda kuchambua samaki wake muda wa kuchemsha chai, maana poda ikikutana na mafuta ya mtu hubadilika, na hataki kuiamini ikiwa bado mpya. Akirudi anakushika kidevu na kukugeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. Mistari miwili utaiona. Mmoja umepotea.

"Hiyo imepotea ndiyo yako," alisema.

Kioo hakukupa mpaka amalize. Msichana mmoja, Ajambo, aliwahi kuja na kioo chake kidogo ndani ya sidiria, akakichomoa katikati ya kazi. Fundi alikichukua, akakifunika chini ya beseni la omena. "Kioo itakubembeleza. Mimi sibembelezi."

Neno lake kubwa lilikuwa mpaka. Sisi watu wa Busia neno hilo tunaishi juu yake, lakini yeye alikuwa analipaka watu usoni. "Poda iko na mpaka," alisema. "Ikionekana, umeshindwa." Kisha anakuonyesha barabara. Upande ule, Kenya, duka la chumvi la Barasa. Upande huu, Uganda, kibanda cha Okumu wa baiskeli. Katikati kuku wanapita bila kuulizwa. "Umeona mstari? Hakuna. Sasa kwa nini wewe unaweka moja kwa shingo?"

Aliyeweka mstari shingoni, wa kukumbukwa, ni Auma. Alikwenda Tororo peke yake, akachagua poda chini ya taa, akarudi kwa basi akiwa ameshajipaka. Uso ulikuwa wa waridi kama wa Mzungu mwenye homa. Shingo ilikuwa ya Auma. Fundi alisimama juu ya debe ili amwone vizuri.

"Auma, mwanangu, karibu! Uso yako imeshavuka, iko Kenya. Shingo inangoja nini Uganda?"

Soko lote lilikaa chini. Barasa mwenyewe, ambaye hata mazishini alikuwa hajulikani kama analia au anapiga hesabu, alicheka mpaka akashika mzani. Auma alinuna wiki nzima. Siku ya nane alikuja amenawa, akakaa kwenye kigoda bila salamu, akainua taya. Fundi akamchora mistari mitatu. Hivyo ndivyo walivyoombana msamaha.

Sasa, kwa kuwa makopo ya dukani hayakumfaa karibu yeyote kati yetu, Fundi alichanganya. Alianza na poda nyeupe ya dukani, akaongeza kakao, wakati mwingine kahawa iliyosagwa laini, akakoroga na mafuta kidogo ya mgando. Kipimo chake kilikuwa kifuniko cha soda. Hakuandika popote, alikariri kwa sauti huku akipima omena, na ndiyo maana hata leo, macho yamekwisha na magoti hayataki, mimi bado naweza kukutajia. Nafula, poda viwili, kakao kimoja. Ajambo, viwili kwa viwili. Nekesa, poda kimoja, kakao kimoja na nusu, mafuta asipewe kwa sababu anayo yake. Mimi, poda kimoja, kakao viwili, kahawa ya kubana kwa ncha za vidole. Tulikuwa tukinukia kama kifungua kinywa cha Ulaya. Ojambo, aliyekuja kuwa mume wangu, alisema kila akinisogelea anakumbuka mkate.

Mwaka mmoja kakao iliadimika, na hapo ndipo alipomharibu Nabwire.

Nabwire alikuwa anaolewa na Wandera, kanisani Masinya, na rangi yake ilikuwa nyekundu nyekundu, nzuri sana, ngumu kuipata. Fundi aliwaza siku mbili. Siku ya tatu nikanusa kupitia ukutani: anakaanga ulezi. Aliusaga, akauchekecha kwa kitambaa mara tatu, akachanganya na poda. Nakuambia ukweli, asubuhi ile Nabwire alikuwa amepatikana. Ukimtazama taya huoni kitu. Fundi alitembea nyuma yake kama mtu aliyemzaa.

Lakini jua la Masinya siku ile halikuwa na huruma, kanisa lilijaa, na mahubiri yalikuwa marefu. Nabwire akaanza kutoka jasho. Ulezi uliokaangwa ukikutana na maji ya moto, kila mwanamke anajua unakuwa nini. Uji ulianzia kwenye paji la uso, ukashuka taratibu kufuata pua. Wandera alipoinua shela, akakuta tone limening'inia kwenye ncha. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akalipangusa kwa kidole. Kisha sijui ni njaa, sijui ni woga, akakilamba kidole kile, akasema kwa sauti iliyofika kwenye benchi la mwisho:

"Haina sukari."

Padri aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa karibu na Fundi. Nilimwona akijificha nyuma ya mwanamke mnene. "Angalau imemkubali," alininong'oneza. "Ingekuwa uji mbaya angetema." Nabwire na Wandera walizaa watoto tisa, na nyumba ile uji haukuwahi kukosekana.

Msidhani alikuwa mtu mwepesi. Kulikuwa na sabuni iliyokuja miaka ile, ya kujisugua uwe mweupe, na Nekesa akaanza kuitumia kwa siri. Uso ukageuka mabaka kama ndizi iliyolala. Fundi alipomwona hakucheka. Alimketisha, akamtazama kwa muda.

"Unafuta nini?" alimwuliza. "Uliandikwa vibaya?"

Nekesa akaanza kulia. Fundi akamwosha uso kwa maji ya vuguvugu, kila siku, wiki sita, na hakumpaka chochote wala hakuturuhusu tumtazame sana.

Huyo huyo, ukimwuliza ana miaka mingapi, anakutajia umri wa binti yake. Huyo huyo aliyesema kila mtu ashukuru rangi yake, alinunua kuku weupe tu, akidai weusi wana kiburi. Siku ya Ijumaa Kuu hampaki mtu, anasema leo Mungu anataka kuwaona kama mlivyo. Pasaka asubuhi na mapema yuko mlangoni na vifuniko vyake, anaita, "Haya, ameshawaona, mje."

Na kila Krismasi alijaribu kupata rangi yake.

Kakao kwake ilitoa wekundu, akaonekana kama amekasirika. Kahawa ilikaribia, lakini ilibaki na chembe chembe, uso ukawa kama barabara ya murram, ya changarawe tupu. Mwaka uliofuata akasaga mkaa, akachanganya na poda. Ndipo tulipojua kwamba cheusi ukikichanganya na cheupe hakirudi kuwa cheusi. Alitoka nje amekuwa kijivu, kope na yote. Okumu wa baiskeli, ambaye alikuwa na ndugu wanaobeba mifuko kule stesheni, alimwuliza kwa heshima zote: "Mama, shikamoo. Umetoka kupakua saruji Tororo?"

"Nimetoka kuzika babako," Fundi akamjibu.

"Babangu ni mzima, mama."

"Basi mwambie ajiandae."

Ile ya mwisho ilikuwa masizi ya chungu na mafuta ya mgando, bila poda kabisa. Hiyo ilimkubali. Kwa macho yangu niliona rangi imekaa, pua imeacha kung'aa, akawa mzuri wa kuogopesha. Tukaenda kanisani. Kwenye kupeana amani, mke wa katekista, Mama Felisita, aliyevaa gauni jeupe la gomesi lililotoka Jinja, akamkumbatia kwa nguvu. Walipoachana, Fundi alikuwa ameuacha uso wake begani mwa Mama Felisita. Shavu lote lilikuwepo, na kidevu, na nusu ya tabasamu. Katekista akatazama, akatazama tena.

"Mama Felisita," akasema, "huyo begani kwako ni nani?"

Tulicheka mwezi mzima, na Fundi alicheka nasi. Lakini usiku wa—hapana, niseme jioni ile, kupitia ukutani, nilimsikia anasugua uso kwa muda mrefu kuliko masizi yalivyohitaji. Tangu siku hiyo hakujichanganyia tena kitu. Alisema sasa atangoja kopo lenyewe.

Nilipokaribia kuolewa tulikwenda pamoja Tororo kununua poda ya harusi yangu. Duka lilikuwa la mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale, aliyesema Kidhopadhola, lugha ya huko, kuwashinda wengine wetu. Tulimwita Mama Duka. Alipanga makopo matatu juu ya meza, na kwa kuwa sisi hatukujua Kizungu, akatutafsiria yalivyoandikwa.

"Hii Waridi. Hii Pembe ya Ndovu. Hii Asili."

Fundi akalichukua lile la mwisho, akalifungua, akalisogeza karibu na shavu lake. Ilikuwa kama maziwa karibu na usiku.

"Asili ya nani?" akauliza.

"Asili tu, mama."

"Asili ya nani, nyabo? Hata mimi nilizaliwa."

Mama Duka akacheka. Halafu akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akaingia nyuma, akatoka na kitabu cha bidhaa, kinene, chenye picha za makopo na vipande vya rangi. Akalowesha kidole, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa anauinua karibu na shavu la Fundi, hata kurasa ambazo ungeona kwa mbali kuwa ni bure. Alikwenda hivyo mpaka mwisho. Wateja walikuwa wamejaa nyuma yetu na hakuna aliyesema harakisha.

"Yako haijafika," akasema.

"Haijafika, ama haijatengenezwa?"

Mama Duka akafunga kitabu. "Haijatengenezwa."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akafunga kopo la Asili, akalirudisha mahali pake, akalisogeza kidogo ili liwe sawasawa na wenzake.

"Basi nipe kakao," akasema. "Ya maharusi wanne. Mimi usinihesabu."

Tukapanda basi. Tulipokuwa tunakaribia nyumbani ndipo aliponigusa goti. "Yule mama ni mtu mzuri," akasema. "Angeweza kuniuzia Asili."

Niliolewa Paya, nikawa na mashamba na watoto na habari zangu nyingine. Fundi tulionana msibani na harusini, kisha msibani zaidi. Miaka ikaenda mingi. Nikasikia amezeeka, binti yake amemchukua kwake Kiyeyi, meno yamekwisha, ulimi bado.

Mjukuu wangu Taaka anafanya kazi saluni Kampala. Alikuja likizo na sanduku la chupa, rangi zimepangwa kutoka ya maziwa mpaka ya lami, nyingi kuliko vidole vyangu na vyake pamoja. Nilizitazama zile za mwisho mwisho. Nikamwambia, "Vaa viatu." Hakuuliza tunakwenda wapi.

Tulimkuta Fundi amekaa ukumbini anachambua maharage. Alinitambua kwa sauti.

"Kakao viwili, kahawa ya kubana," akasema. "Umenenepa."

"Nimekuletea mtu wa saluni."

"Mwambie ananyoa bure. Nywele imebaki tatu."

Taaka akapiga magoti, akafungua sanduku. "Shikamoo, kukhu," akamsalimu, kama tunavyowaita bibi zetu. "Nimekuja kukupaka uso."

Fundi aliacha maharage. Akanyoosha mkono tumsaidie kuinuka, akatufanya tubebe kiti mpaka uani, akakigeuza mwenyewe kufuata jua. Taaka akamchorea mistari mitatu ya zile rangi za mwisho. Akataka kuanza kueleza, nikamkanyaga mguu. Tukangoja. Fundi alifumba macho, mikono juu ya magoti, kama mtoto anayengoja matokeo.

Nilipoinama kutazama, niliona mistari miwili. Nikafuta miwani yangu kwa gomesi, nikatazama tena. Miwili.

"Ngapi?" akauliza, macho amefumba.

"Miwili," nikasema.

"Pakeni," akasema. "Lakini nusu. Upande moja."

Taaka akampaka kwa sifongo, polepole, kutoka puani kwenda sikioni, akashuka mpaka chini ya taya. Akarudi nyuma. Fundi akafumbua macho.

"Bado hujaanza?"

"Nimemaliza, kukhu."

"Mbona sioni?" Kioo alichopewa na Taaka kilikuwa mkononi mwake, amekisogeza mpaka kinagusa pua. Aligeuka huku, akageuka huku. "Yaani nimetafuta maisha yangu yote," akasema, "kitu ya kutoonekana!" Akaanza kucheka, fizi zote nje, machozi yanashuka, na hata machozi hayakuleta uji. Alipopata pumzi akaiomba ile chupa, akaizungusha kwenye jua.

"Imeandikwa jina gani hapa?"

"Haina jina, kukhu, ina namba. Hamsini na nane."

"Hamsini na nane," akasema, akiipapasa. "Hiyo ni mimi."

Taaka akachovya sifongo amalizie upande wa pili. Fundi akaukamata mkono wake. Akataka kiti kihamishiwe kando ya njia, pale mbele ya boma, ambapo watu hupita kwenda kisimani na kinuni. Tukakihamisha. Akaketi wima, amekunja mikono.

Wa kwanza alikuwa mzee anasukuma baiskeli yenye mkungu wa matoke.

"Baba, simama. Nimepakwa upande gani?"

Mzee akaegesha baiskeli, akachungulia kwa makini. "Kushoto."

"Nenda, umeshindwa!" Fundi akasema, kwa furaha kubwa.

Akapita mwanamke na unga kichwani, akasema pande zote mbili. Akafukuzwa. Wakapita wasichana wawili wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akapatia kwa bahati, na Fundi akamwambia amebahatisha, ajaribu tena. Kisha akaja mwalimu wa shule ya pale, mtu mwenye tai, akainama, akamtazama taratibu kutoka sikio hadi sikio.

"Samahani, mama," akasema. "Kwani umepakwa?"

Fundi alipiga paja lake kofi lililomfanya mwalimu aruke. Alimshika mkono, akautikisa, akamwuliza anaitwa nani na wazazi wake ni akina nani. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na mimi nilikuwa na safari ya kurudi Paya. Taaka alikuwa bado amepiga magoti pale vumbini na sifongo mkononi.

"Kukhu, niruhusu nimalizie upande huu mwingine."

"Ngoja kwanza," Fundi akasema, akinyoosha shingo kutazama njiani. "Kuna mtu anakuja."